Ukubwa wa Siku Kumi na Tatu

Aliyeniambia kwamba mimi si mkubwa kama nilivyojidhania ni mjukuu wangu, So-dam. Aliniambia siku ya kutia kimchi, zile kabichi za pilipili za akiba ya majira ya baridi, mwaka uleule serikali ilipotangaza kwamba Wakorea wote tuhesabu umri upya. Angeniambia chumbani tungemalizana kifamilia. Aliniambia kwenye ukumbi wa wazee, kabichi zimejaa uani, na mashahidi wamevaa glavu.

Nieleze kwanza ukubwa wenyewe ulikuwaje, maana ukiniona leo huwezi kuamini kwamba niliwahi kuwa nao.

Kwetu mtoto akizaliwa anaitwa wa mwaka mmoja palepale, kwa sababu huko tumboni hakukaa bure. Mwaka mpya ukiingia, ule wa mwezi mwandamo, kila mtu anaongeza mmoja, hata kama siku yake ya kuzaliwa bado. Hesabu nyepesi, haihitaji darasa. Na mimi darasa nililionja tu, nikaishia la tatu. Kujumlisha nilikuwa nakujua, kutoa nilikuwa nakubahatisha, na wiki walipoanza kuzidisha mama akaja kunichukua nikabebe mtoto wa kaka. Ndiyo maana umri wangu nimekuwa nikiujumlisha tu. Kuutoa sikufundishwa.

Kwetu miaka huitwa kwa wanyama, na Kondoo humfuata Farasi. Mimi nimezaliwa mwaka wa Farasi, mwezi wa kumi na mbili, tarehe ishirini. Nyumbani nilikuwa kitinda mimba. Nilipoolewa hapa Darakgol nikakuta wake wa shemeji zangu watatu, wote wakubwa kwangu, na wote wana kiu. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote isipokuwa kuamka. Kwa hiyo vuli ile, wiki yangu ya kwanza ya ndoa, nilipomkuta kisimani bibi harusi mwingine mpya, nilimuuliza hata kabla ya jina:

"Wewe wa mwaka gani?"

"Kondoo."

"Mimi Farasi," nikasema, nikaweka ndoo chini ili nisimame vizuri. "Basi mimi ni dada yako. Nisalimie."

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Haya, nisaidie kunitwisha."

Akanitwisha. Tangu siku ile hakuacha kunitwisha. Huku wanawake tunaitwa kwa tulikotoka, kwa hiyo yeye kwa watu wote ni Mama Beolgyo, na mimi ni Mama Boseong. Lakini kwake mimi ni dada, na kwangu yeye ni mdogo. Miaka sitini! Nimemtuma chumvi, nimemkosoa mchuzi, nimemfundisha kulea watoto ambao walikuwa wazima kuliko wangu. Mumewe akimuudhi, nilikuwa namwambia, "Vumilia, ukifika umri wangu utaelewa." Kila mwaka mpya anaufikia, mimi nimeshauhama, nami namwambia vilevile.

Sasa ukumbi wetu wa wazee ni nyumba ya zamani, sakafu yake inapashwa na moto wa kuni unaopita chini kwa chini. Kona iliyo juu ya jiko ndiyo yenye joto, na karatasi ya sakafu pale imeiva mpaka ina rangi ya ukoko wa wali. Pale mkubwa wa wote anakaa juu ya mto wake. Anayemfuata anakaa ubavuni pake, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mlangoni, anakokaa mdogo wa wote pamoja na upepo. Mdogo wetu ni Mama Jindo. Ana wajukuu sita na magoti mabovu, lakini kwetu ni mtoto, tunamtuma.

Mimi nilianzia mlangoni. Kila mkubwa mmoja alipotangulia mbele ya haki, nilisogea mto mmoja. Watu husifu uvumilivu wangu, na ni kweli nilikuwa mvumilivu sana. Kila asubuhi nilipita nikiwauliza wakubwa zangu wameamkaje, kifua kinasemaje, chakula kinapita? Mama Beolgyo alikuwa akisema ile si salamu, ni upelelezi.

Mwezi wa tatu mwaka huo Mama Jangheung, aliyekuwa mkubwa wetu, akafariki. Nilimlilia kwa dhati. Jioni ileile nikahamisha mto wangu. Kiangazi chote nikakaa kwenye ile kona, moto haujawashwa, joto la nje linatuua, wenzangu wote wako barazani wanajipepea. Mimi nimo ndani peke yangu, jasho linanitiririka, nalinda kona isije ikazoewa na mtu.

Hapo katikati ndipo televisheni ikatangaza ile sheria. Mwaka wa tumboni umefutwa, kuongeza mwaka kwa pamoja kumefutwa, kila mtu ahesabu kuanzia siku aliyozaliwa. Nikasema hayo ni ya watu wa Seoul, wana nafasi. Nikageuza mto upande wa baridi.

Basi siku ya kimchi ikafika. Asubuhi na mapema moto uliwashwa jikoni kwa ajili ya kuchemsha nyama ya nguruwe ya mchana, sufuria lile kubwa la chuma, na kona yangu ikaanza kupata moto kwa mara ya kwanza tangu niwe mwenyewe. Nilipoikalia nilisikia raha inapanda kutoka kwenye nyonga. Uani kabichi zimeshalala kwenye chumvi usiku kucha, zimeoshwa, zimechujwa maji, zimepangwa. Ndani ya beseni kuna rojo jekundu la pilipili, kitunguu saumu na uduvi wa chumvi. Kazi ilikuwa imebaki moja tu kabla ya kuanza kupaka: mkubwa wa wote aonje rojo, aseme chumvi imetosha au bado. Mkubwa asipoonja, hakuna anayegusa kabichi. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tunavyokwenda.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesukutua.

Ndipo So-dam akaingia na vyombo vyake vitupu, amekuja na basi la asubuhi kutoka Gwangju kuchukua kimchi ya bure. Uso unang'aa.

"Shikamooni mabibi! Mmeniona? Nilikuwa nimeingia thelathini, serikali imenishusha mpaka ishirini na nane!"

"Wangekushushia na mchumba basi," akasema Mama Beolgyo, anakata figili.

"Yuko njiani, bibi."

"Njia gani hiyo isiyofika? Au naye anahesabiwa upya?"

Watu wakacheka. So-dam akakaa chini, akatoa simu. "Hebu niwahesabie na nyinyi. Naingiza siku ya kuzaliwa tu, yenyewe inakokotoa yote. Bibi, anza wewe."

Ningeweza kusema nina kazi. Lakini mimi nikipewa nafasi ya kuanza sijui kukataa, nilizisubiri sana. Nikamtajia tarehe yangu kwa sauti ya kusikika mpaka uani, hata kuku wakageuka. Akabonyeza.

"Una miaka themanini."

"Themanini na mbili," nikamsahihisha.

"Themanini, bibi."

"Nimekunywa supu asubuhi hii nikiwa na themanini na mbili! Hiyo miwili imekwenda wapi?"

"Mmoja ulikuwa wa tumboni, mwingine uliuongeza kabla hujaufikia." Akaendelea kusoma, hana habari. "Umeishi siku elfu ishirini na tisa na mia tano na kitu. Moyo wako umedunda karibu mara bilioni tatu. Na umelala miaka ishirini na saba."

"Nani amelala?"

"Wewe. Ukikusanya usingizi wako wote."

"Mimi? Mimi niliyekuwa naamka jogoo amelala? Mimi nikilala miaka ishirini na saba, hilo shamba la vitunguu saumu lilipandwa na nani?"

"Mtoto haongopi," akasema Mama Beolgyo. "Kumi ya shambani, kumi na saba ya mbele ya televisheni."

Nikamtazama kwa jicho la dada. Jicho lile lilikuwa linamnyamazisha. Safari hii aliweka kisu chini, akajipangusa mikono.

"Haya mjukuu wangu, na mimi. Mwaka wa Kondoo, mwezi wa kwanza, tarehe tatu."

So-dam akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena.

"Na wewe themanini."

Mama Jindo akaingiza kichwa dirishani, glavu nyekundu mpaka kwenye viwiko.

"Themanini na themanini?"

"Simu mbovu hiyo," nikasema. "Farasi na Kondoo watakuwaje sawa? Hata zizini hawalali pamoja."

"Bibi, hizi tarehe mmenipa za kalenda ya ukutani au za mwezi mwandamo?"

"Za mwezi mwandamo. Kalenda ya ukutani wakati ule nani alikuwa nayo? Ukuta wenyewe ulikuwa wa matope."

"Basi ngoja nizigeuze." Akabonyeza kwa muda, midomo inatembea. Mimi nikawa na matumaini, nikidhani ukizigeuza zitanirudia. Akainua kichwa, naye naona anajizuia kucheka. "Wote mmezaliwa mwaka mmoja. Ule mwaka mpya ulikuwa umeangukia katikati yenu tu. Bibi ulitangulia wewe, Mama Beolgyo akafuata baada ya siku kumi na tatu."

"Wiki kumi na tatu," nikasema.

"Siku."

Mama Beolgyo akasema polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokijua, "Siku kumi na tatu."

"Siku ni siku," nikasema.

"Ndoo ile ya kisimani nilikutwisha kwa ajili ya siku kumi na tatu?"

"Ukubwa hauna uchache."

"Yai la kuku linachukua zaidi ya hapo kuanguliwa! Miaka sitini naitikia abee dada, abee dada, kumbe kitovu chako kilikuwa bado hakijapona vizuri wakati mimi natoka!"

Mama Jindo alicheka mpaka akajipaka pilipili puani, akaanza kupiga chafya, na anapiga chafya huku anacheka. Mimi sikucheka. Ninyi labda mtaona ni jambo dogo. Lakini kwetu watu wa umri mmoja hawaitani dada. Ni rika, ni marafiki, wanasemeshana bila adabu na kukaa popote. Na kwenye ile kona hawaingii wawili. Nikawa naiona inaniponyoka hivihivi, kona niliyoifikia kwa mto mmoja mmoja, na ile "shikamoo dada" ambayo ndiyo kitu pekee kijijini humu nilichokipata bila kusubiri.

Mama Jindo akatulia, akasema, "Samahani wakubwa zangu. Kabichi zinanyauka na mikono inaniwaka. Sasa anaonja nani?"

Hapo nilikuwa bado nina siku zangu kumi na tatu mkononi. Chache, lakini zangu. Mtu aliyefika darasa la nne angezishika hizohizo, angekwenda kuonja rojo, akarudi akakaa. Mimi nikasimama.

"Hii sheria ina kasoro," nikatangaza. "Imesahau tumbo. Binadamu haanzi siku anayotoka nje, anaanza siku anayoingia. Wazee wetu hawakuwa wajinga kutuhesabia mwaka mzima. Mimi nasema tumbo lirudishwe! Kila mtu apewe muda wake wa tumboni, halafu tuone nani mkubwa."

Nilidhani tumbo likirudi litarudi na Farasi wangu. Nilikuwa nimelisema vizuri hata nikajishangaa.

"Nimekubali," akasema Mama Beolgyo.

Alikubali haraka mno. Miaka sitini namjua, hajawahi kukubali bei ya sokoni haraka vile. Ningeshtuka. Sikushtuka.

"Tuhesabu na tumbo," akasema, amekaa vizuri, sauti tamu kama ya mtu anayekukaribisha chakula. "Haya, dada yangu mpenzi. Wewe ulikaa tumboni miezi mingapi?"

Hapo ndipo miguu ilipoanza kunipoa, nami nimesimama juu ya jiko.

Maana hakuna mtu Darakgol asiyejua nilikaa miezi mingapi. Nimelisimulia jambo hilo kwenye kila harusi, kila kilio, na kila foleni ya chanjo. Kwamba mimi nilizaliwa wa miezi saba, mdogo kama panya, wakanilaza juu ya pamba ndani ya nusu ya kibuyu karibu na jiko, jirani zetu wakasema huyu hafiki kesho, na tazama leo niko hapa na jirani hayupo hata mmoja. Ndiyo sifa yangu kubwa. Sijui kama ninayo nyingine.

"Ilikuwa zamani," nikasema. "Sikumbuki sawasawa."

"Saba!" akaitikia Mama Jindo dirishani, hata hakuulizwa. "Ndani ya kibuyu, juu ya pamba!"

"Mdogo kama panya," akaongeza So-dam, damu yangu mwenyewe.

"Nami kumi kamili," akasema Mama Beolgyo. "Mama alisema nilikaa mpaka akadhani nimelala. Hebu tutolee hesabu, mjukuu wangu."

So-dam hakuhitaji hata simu. Alihesabu kwa vidole, kila kidole nakiona kinakunjwa. "Kumi toa saba, mitatu. Toa zile siku kumi na tatu za bibi..." Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mjukuu inachoma kuliko pilipili. "Bibi, Mama Beolgyo alianza kuwepo kabla yako. Amekuzidi kama miezi miwili na nusu."

"Yaani," akasema Mama Beolgyo, "huyu hajawazwa hata na baba yake, mimi nilishaanza kumtapisha mama yangu."

Mahakama niliijenga mwenyewe, nikaita mashahidi mwenyewe, na hukumu nikajisomea. Kwetu mtu akifanya ujinga mkubwa huulizwa kama alizaliwa wa miezi saba. Mimi hata swali hilo haliwezi kunisaidia, jibu liko wazi.

Watu wote walikuwa wananitazama. Rojo linasubiri, kabichi zinasubiri, Mama Jindo anapuliza mikono. Na Mama Beolgyo naye alikuwa anasubiri tu, na nikaona kumbe kusubiri naye anakujua, pengine kuliko mimi, ila hakuwahi kujisifia.

Nikavuka ukumbi. Magoti yakalia moja baada ya jingine. Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo dada."

Alilila taratibu, lile neno, kama nyama ya kwanza baada ya kuugua. Kisha akasema:

"Marahaba mdogo wangu. Haya, nisaidie kunitwisha."

Miaka sitini, na maneno yangu alikuwa ameyatunza hivyohivyo bila hata kuyakunja. Nikamshika mkono nikamwinua, nikamfunga aproni, nikambebea beseni. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Chumvi imetosha."

"Mimi ningeongeza kidogo," nikanong'ona.

"Tunajua," wakajibu wote kwa pamoja, na Mama Jindo akasema huko nje, "Mwaka huu tumenusurika."

Tukapaka kabichi zote kabla ya mchana. Mimi nilipewa kazi ya kumenya vitunguu saumu vilivyobaki, kazi ya wadogo, na kutumwa maji mara mbili. So-dam alinipiga picha nikiwa nimebeba ndoo.

Nyama ikaiva. Tukala kwa kimchi mbichi na wali wa moto, dada akiwa wa kwanza kushika kijiko. Baada ya kula kila mtu akaelekea kwenye mto wake kupumzisha mgongo. Mimi nikauchukua wangu kwenye kona kabla sijaambiwa, nikauweka mahali pake yeye, na wake nikauweka juu ya ukoko wa wali. Mama Beolgyo akaenda akaketi kama malkia, akanyoosha miguu.

Sasa mkumbuke moto ule wa nyama ulikuwa unawaka tangu alfajiri, na wote ulikuwa umepita chini ya kona moja.

Kwanza uso wake ulikuwa mwema. Baadaye ukawa mwekundu. Baadaye nikamwona ananyanyua kalio moja, anatulia, anashusha, ananyanyua la pili.

"Joto vipi, dada?" nikamuuliza.

"Zuri."

"Linapanda vizuri?"

"Linapanda vizuri sana." Jasho lilikuwa limeanza juu ya mdomo. So-dam alikuwa ameshalala katikati ya ukumbi, simu kifuani. Mama Jindo mlangoni naye alikuwa anapiga miruzi ya puani. Tulibaki macho sisi wawili.

Akavumilia kidogo tena. Kisha akaniita kwa sauti ya upole kabisa.

"Mdogo wangu."

"Abee dada."

"Nimefikiri. Siku kumi na tatu nazo si haba. Ulitoka nje kabla yangu, ukaiona dunia kabla yangu. Njoo ukae hapa."

"Aa, dada, nitakuwa nimekosa adabu."

"Nimekuruhusu."

"Sistahili. Mimi ni wa kibuyuni."

"Mama Boseong," akasema, na nikaona anauma meno, "nakuamuru kama mkubwa wako."

Hapo alinipata. Amri ya mkubwa haikataliwi, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo, kisimani. Nikahamia kwenye kona niliyoitamani maisha yangu yote, nikakaa, na nikaruka kama njugu kwenye kikaango.

Alicheka bila sauti, mkono mdomoni ili asiwaamshe wenzetu, mabega yanatikisika. Nami nikajikuta nacheka, nimesimama kwa mguu mmoja juu ya cheo changu. Tulicheka mpaka akaniomba ninyamaze, mbavu zinamuuma. Tukachukua mfarishi mzito wa pamba, tukaukunja mara mbili, tukautandaza nusu juu ya kona na nusu nje yake, tukajilaza mgongo kwa mgongo kama watoto. Chini ya pamba lile joto lilikuwa limekuwa joto la watu.

"Dada," nikamwita.

"Nini?"

"Na kesho nani atamwamkia mwenzake?"

"Atakayechelewa kuamka," akasema. "Sasa lala."

"Mimi huwa naamka mapema."

"Najua. Lala."

Mgongo wake ukawa mzito juu ya mgongo wangu, na punde nikasikia anakoroma, mkoromo wa mtu aliyekaa miezi kumi kamili bila haraka. Nikajiambia mimi silali, nitabaki macho, niamke wa kwanza. Nikaanza kuhesabu mapigo ya moyo wangu yanayofuata ile bilioni ya tatu, moja, mbili, tatu, lakini ya kwake nayo yalikuwa yanagonga mgongoni, yakanichanganyia hesabu, nikashindwa kujua yapi ni yangu, na hapo hapo nikaiongezea ile miaka yangu ishirini na saba.